Rafu ya waya ni darasa, tuwaachie watoto waiunde

Wahenga walinena kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hiyo hutajwa sana katika mikutano ya wazazi na walimu, lakini naona twaisahau pindi tunapofikia kazi za mikono. Mwalimu humwagiza mwanafunzi atengeneze kifaa nyumbani. Mzazi naye, akiwa amechoshwa na shughuli za kutwa, hukimbilia dukani au kwa fundi akanunua kilicho tayari. Kesho yake kifaa hupata alama nzuri, ilhali mtoto hajui hata kilivyounganishwa. Nauliza: ni nani aliyefunzwa hapo?

Swali hili si dogo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, nia mojawapo ilikuwa kumpa kijana wa Kenya ujuzi wa mikono. Karakana nyingi hazikupata vifaa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya ufundi yaliondolewa katika mtihani wa darasa la nane. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, ulifufua nia ile ile. Iwapo kazi za wanafunzi zitaendelea kununuliwa, nia hiyo itakufa mara ya pili, na safari hii mikononi mwetu wenyewe.

Ndiposa nataka kutetea kifaa kimoja duni: rafu ya waya ya kuunganishwa. Rafu hii hutokana na paneli za mraba zilizofumwa kwa waya, aghalabu zenye upande wa sentimita 35 hivi, ambazo hushikanishwa pembeni kwa viungo vya plastiki. Haihitaji msumari wala kuchomelewa. Hukusanywa, hukongolewa, kisha hukusanywa upya kwa umbo jingine.

Haja yake nyumbani ni dhahiri. Jamaa nyingi mijini huishi katika chumba kimoja ambamo hupikwa, hulaliwa na kusomewa. Vitabu hukaa sakafuni kando ya jiko na mtungi wa maji, na panya hawachagui baina ya gunia la mahindi na kitabu cha hisabati. Kitabu kikiharibika, mzazi hutakiwa kukilipia. Rafu iliyoinuliwa kutoka sakafuni huviokoa vitabu hivyo, na kwa kuwa waya hupitisha hewa, vitunguu na viazi vikiwekwa katika tabaka jingine navyo hukawia kuoza.

Hata hivyo, faida inayonivutia zaidi ni somo lililomo katika uundaji wake. Chukua hesabu. Sanduku moja lililo wazi mbele huhitaji paneli 5. Masanduku 6 yaliyoundwa kila moja peke yake yatahitaji paneli 30. Lakini yakipangwa mawili kwa upana na matatu kwa kwenda juu, kila ukuta wa kati ukitumiwa na majirani wawili, paneli 23 zatosha: 6 za nyuma, 8 za kulala na 9 za kusimama. Viungo navyo ni 24. Mwanafunzi aliyeokoa paneli 7 kwa kufikiri ameielewa hisabati kuliko aliyekariri kanuni ubaoni.

Chukua pia sayansi. Rafu isiyo na paneli za nyuma huyumba, kwa sababu mraba wenye pembe zilizolegea hugeuka msambamba. Pembetatu haina tabia hiyo. Nyaya mbili zilizokazwa kwa kupishana kutoka pembe hadi pembe huigawa miraba kuwa pembetatu, na rafu hutulia. Vitabu 20 vya nusu kilo kila kimoja ni kilo 10, na uzito huo ukiwekwa juu, rafu huelekea kupinduka. Ukiwekwa chini, husimama imara. Viungo vya plastiki navyo hupasuka vikielemewa, hivyo ni busara kuvitilia nguvu kwa waya wa kufungia na kuifunga rafu ukutani.

Najua watakaouliza: paneli hizo zinunuliwe kwa fedha gani? Swali ni la haki. Lakini haikusemwa kwamba lazima zitoke dukani. Rafu za friji kuukuu, vikapu vya waya vilivyovunjika na mabaki ya nyavu za ujenzi hupatikana kwa wauza vyuma vikuukuu. Mafundi wa Jua Kali wa Kamukunji hapa Nairobi wamejenga maisha yao juu ya chuma kilichotupwa na wengine, wakakigeuza masanduku, majiko na mikebe. Serikali yenyewe iliitambua sekta hiyo kwa Waraka wa Bunge Nambari 2 wa 1992. Kwa nini tuwe na haya ya kuwafuata? Fauka ya hayo, shule yaweza kuwa na fungu moja la paneli litumiwe na darasa hili leo na darasa lile kesho, kwani hazichakai kwa kukongolewa.

Tahadhari zipo. Ncha za waya uliokatwa hutoboa, hivyo zikunjwe kwa koleo au zipigwe tupa, na mtu mzima awepo. Waya uliopakwa zinki au rangi usigeuzwe wavu wa kuchomea nyama. Ukipata moto mkali hutoa moshi wenye madhara.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Tusitoe alama kwa rafu iliyoletwa mlangoni ikimetameta. Tumwambie mwanafunzi aikongoe mbele ya darasa, kisha aunde kitu kingine kwa paneli zizo hizo: kibanda cha sungura, kwa mfano, au mahali pa kupangia viatu. Aliyeiunda mwenyewe atajua pa kuanzia. Aliyenunuliwa atasimama akitazama viungo. Kipimo hicho hakigharimu hata senti moja, na hakimpendelei mwana wa tajiri. Isitoshe, kitamwondolea mzazi kishawishi cha kukimbilia dukani, maana alama hazitapatikana huko.

Nanyi wanafunzi, msidharau kazi hii kwa kuwa haina kitabu chake. Ipo siku mtahamia nyumba nyingine, au chumba kitaongezeka mtoto, nanyi mtahitaji kupanga upya mlivyo navyo. Anayejua kukongoa na kuunda hatakwama. Mzazi akiwaharakia mnaposhindwa kufunga pembe ya kwanza, mwombeni kwa adabu awape nafasi mjaribu tena. Naye mzazi, pale rafu itakapoegemea upande, aizuie mikono yake, aulize tu: "Mwanangu, unadhani kwa nini inainama?"