Aliyemaliza vitabu arobaini

Mwanzoni mwa muhula uliopita mzazi mmoja wa mjini Tanga alitoa simu mfukoni akatuonyesha picha ya cheti. Kilikuwa kimepambwa kwa nyota pembezoni, jina la mwanawe likiwa katikati, na chini yake maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba kijana huyo wa darasa la tatu amemaliza kusoma vitabu 40. Mzazi huyo ni mfanyabiashara wa nazi, mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alizungumza sana. Picha ile alikwisha kuwatumia ndugu zake wote, hata walioko Maskati. Nasi tulifurahi pamoja naye, na kwa kuwa ukurasa huu hupokea barua nyingi za wazazi wanaolalamika kwamba watoto wao hawapendi kusoma, tulimwomba atuelekeze kwa mkutubi wa shule ya mwanawe ili tujue ametumia njia gani.

Mkutubi alitupokea vizuri, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Cheti hicho ni kosa langu. Mtoto yule hajui kusoma. Baba yake nimemwita Jumamosi nimwambie."

Tunayaandika yafuatayo kwa idhini yake na ya mzazi. Majina yao na jina la shule tumeyahifadhi.

Maktaba yenyewe ni chumba kimoja kilicho kati ya ofisi ya mwalimu mkuu na stoo ya madawati. Kina rafu nne. Tatu zimejaa vitabu vya msaada kutoka nchi za nje, vingi vikiwa safi kana kwamba vimefika jana, kwa sababu hakuna anayeviazima. Ni hadithi za watoto wanaocheza kwenye theluji na kuogopa dubu. Rafu ya nne ni ya vitabu vya Kiswahili, navyo vimechakaa, majalada yamegandishwa kwa utepe, kurasa za mwisho hazipo. Mkutubi alituambia kwamba mtoto akitaka kujua mwisho wa hadithi humfuata yeye amsimulie.

Ndipo alipopatikana mfadhili, mzazi mwenye duka, akaleta vishikwambi sita. (Neno hili kishikwambi lilikuwa geni kwa wengi wetu mpaka sensa ya 2022 ilipolifikisha mlangoni kwa kila mtu.) Mkutubi akatakiwa atafute mtandaoni vitu vya kuwasomesha watoto. Hakuna aliyemfundisha namna ya kutafuta. Alikaa usiku nyumbani kwake, kwa bando lake mwenyewe, baada ya wanawe kulala, akifungua hiki na kufunga kile, na kila alichokiona akakiandika katika daftari la kurasa mia. Daftari hilo tulilipitia, na tunathubutu kusema kwamba lina manufaa kuliko semina nyingi tulizowahi kualikwa.

Aliandika, kwa mfano, kwamba Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada ambavyo mtu husoma bila malipo, na kwamba humfaa mwalimu na mzazi ambaye mtoto wake amepoteza kitabu, lakini mtoto mdogo hatakwenda huko kwa ajili ya starehe. Aliandika kwamba Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina makala makumi ya maelfu, ila nyingi ni fupi mno; unafungua makala ya kata fulani ukakuta sentensi mbili. Akaongeza jambo lililotufurahisha: kwa programu iitwayo Kiwix, Wikipedia nzima inaweza kupakuliwa mara moja, ikahifadhiwa, kisha ikasomwa siku zote bila intaneti. Kwa shule ambayo bando likiisha tarehe kumi hakuna jingine mpaka mwezi ujao, hilo si jambo dogo.

Kurasa nyingi zaidi za daftari lile ziliihusu African Storybook, ambayo taasisi ya Saide ya Afrika Kusini iliifungua mtandaoni mwaka 2014, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyofuata mwaka 2015. Zote mbili zina hadithi za watoto kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, nazo zimepangwa kwa ngazi, kuanzia zile zenye maneno machache chini ya picha hadi zenye aya ndefu. Leseni zake ni huria: mtu anaruhusiwa kupakua, kuchapa na kutafsiri, mradi amtaje mwandishi. Hadithi moja inaweza kuchapwa kwenye karatasi chache za mashine ya kawaida ya ofisini, ikakunjwa na kushonwa uzi. Mkutubi alikuwa ameshona vitabu vya namna hiyo, akavitia katika kapu la ukili karibu na mlango.

Lakini wazazi waliokuja kutembelea shule hawakulitazama lile kapu. Walivitazama vishikwambi. Na ndani ya vishikwambi ilikuwamo programu nyingine, ya Kiingereza, ambayo hatutaitaja, yenye rangi nyingi na sauti tamu ya kumsomea mtoto. Kila mtoto akifika ukurasa wa mwisho, nyota hudondoka kwenye kioo na kitabu huhesabiwa. Vikitimia 40, cheti hutoka. Uongozi wa shule uliipenda kwa sababu ilitoa ripoti kila Ijumaa, na ripoti ikibandikwa ukutani inapendeza.

Mkutubi aliligundua tatizo kwa bahati. Siku moja spika ya kishikwambi kimoja iliharibika, na yule kijana wa vitabu 40 ndiye aliyekipata. Alifungua kitabu alichokwisha kukimaliza mara tatu, akakaa nacho. Hakufungua ukurasa wa pili. Mkutubi alipomwuliza kulikoni, alijibu, "Hakisemi." Akamwambia, basi kisome wewe. Mtoto akaangalia picha, akasema maneno ambayo kweli yamo katika kitabu hicho, lakini yalikuwa ya ukurasa mwingine.

Hakuwa peke yake. Mkutubi alizima sauti katika vishikwambi vyote, akawaita mmoja mmoja wale wote waliopata vyeti, akapata majina ya kumnyima usingizi. Walikuwa wamejifunza kitu, hatukatai: walijua matamshi ya Kiingereza, walijua hadithi nyingi, walijua mahali pa kubonyeza. Kusoma hawakujua, na mashine iliwahesabia kurasa.

Tulimwuliza imekuwaje yeye, aliyezoea vitabu, asitambue mapema. Alicheka kidogo, akasema angalipaswa kutambua kuliko mtu yeyote, kwa sababu amesomea chuoni kwa marehemu babu yake, Pangani. Huko hakuna anayehesabiwa kurasa. Mtoto huketi mbele ya mwalimu, kidole juu ya herufi, akasikilizwa, akikosea hurudishwa, wala hapewi somo jipya mpaka la jana lisikike. Na mwalimu mzuri anajua hila za watoto. Anajua kwamba wapo wanaoshika Juzuu Amma kwa masikio, wakaifuatisha kwa kidole kana kwamba wanasoma. Kwa hiyo hamruhusu mtoto kuanzia mwanzo. Hufungua popote, akaweka kidole katikati ya mstari, akasema: anzia hapa. Hapo ndipo anayesoma hutengana na aliyehifadhi tu. Wengi wetu tuliolelewa pwani tunalikumbuka jasho la kidole kile.

Jumamosi ile baba alikuja na kanzu yake nyeupe, akidhani ameitwa kupongezwa. Mkutubi hakumwonyesha ripoti yoyote. Alimwambia ukweli, na akamwambia pia kwamba lawama si ya mtoto, kwani mtoto alifanya kila alichotakiwa na mashine. Baba alinyamaza muda mrefu. Baadaye alitueleza kwamba kilichomuuma si cheti. Kilichomuuma ni kwamba kila jioni mtoto alimsomea hadithi kwa simu akiwa kando yake, naye akimsikiliza kwa mbali huku akipiga hesabu za nazi, wala hakupata kutambua kuwa sauti iliyosoma haikuwa ya mwanawe.

Mwakani kijana huyo ataingia darasa la nne, ambako kuna upimaji wa kitaifa. Palikuwa na miezi tu.

Mkutubi alianza upya, kwa Kiswahili. Hapo palizuka maneno, maana baadhi ya wazazi wanalipa ada ili watoto wasome Kiingereza, na mmoja aliandika barua akiuliza kama shule imerudi nyuma. Sisi tunamuunga mkono mkutubi. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishajua kuunganisha b na a akapata ba, mlango umefunguka, naye anayafahamu maneno yenyewe tangu nyumbani. Kiingereza kina maneno ambayo nusu ya herufi zake hazitamkwi. Kumfundisha mtoto siri ya herufi kwa lugha asiyoijua ni kumtwika mizigo miwili kwa safari moja.

Alichukua hadithi za ngazi ya kwanza kutoka African Storybook, akazichapa, na vishikwambi akavitumia bila sauti. Kila mtoto husikilizwa dakika kumi. Peke yake asingeweza, kwa hiyo akafanya kama chuoni, ambako wakubwa huwasomesha wadogo: wanafunzi wa darasa la sita husikiliza darasa la tatu wakati wa mapumziko, na wao pia wanajua kuweka kidole katikati. Ile programu ya nyota hakuifuta. Alituambia kwamba ni nzuri kwa mtoto anayejifunza kusikia Kiingereza, tena mmoja wa wanafunzi wake, asiyeona vizuri, anaifurahia sana. Aliondoa vyeti tu. Na alipoisoma fomu yake kwa mara ya pili aliona ilikuwa imechukua jina kamili la kila mtoto, tarehe ya kuzaliwa na shule anayosoma, naye ndiye aliyejaza yote hayo usiku mmoja bila kumwuliza mzazi yeyote. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, inayomtaka anayekusanya taarifa za mtu aeleze anazikusanya kwa ajili gani. Mkutubi hakuijua, wala sisi, tukiri, hatukuwa tumeisoma. Sasa watoto wameandikishwa kwa namba, na orodha iko katika kabati lake lenye kufuli. Jina la mtoto wa mtu ni amana, alisema, hata likiombwa na mashine.

Kamati ya shule, kwa upande wake, ilikuwa na mpango mwingine kabisa. Kwa kuwa vitabu vyote viko mtandaoni, walisema, chumba kigeuzwe cha kompyuta na mkutubi ahamishiwe mapokezi. Tulihudhuria kikao kimoja kwa ruhusa ya mwenyekiti. Mkutubi hakutoa hotuba. Aliweka mezani rejesta yenye majina, tarehe, na mahali kila mtoto alipokwama aliposikilizwa. Mjumbe mmoja aliipekua, akaona jina la mjukuu wake, akaifunga. Uamuzi umeahirishwa mpaka mwezi wa Januari, na hatuwezi kusema utakuwaje. Wanakamati si watu wabaya. Wanatafuta fedha ya kulipa umeme, na chumba chenye kompyuta huvutia wazazi wapya.

Kuna jambo moja ambalo pengine lilimsaidia kijana wetu kuliko yote. African Storybook inamruhusu mtu kutunga kitabu chake mwenyewe: unaweka picha, unaandika maneno, kinakuwa kitabu kama vingine. Mkutubi aliwaambia watoto wamwendee mtu mzima nyumbani awape kisa, waje nacho. Kijana alimwendea bibi yake. Bibi akamsimulia habari za wavuvi wa zamani waliopakia jogoo kwenye dau walipokwenda dago, ili awaamshe alfajiri wasipitwe na sala, na jogoo akawa anawika saa saba za usiku, wavuvi wakaamka, wakatawadha kwa maji ya chumvi, wakakaa kungoja alfajiri isiyofika. Bibi mwenyewe hajui kuandika. Kijana aliandika kwa mkono wake, neno kwa neno, akifuta na kurudia, na picha ya jogoo akaichora mwenyewe kwa sababu hakuipata iliyomridhisha. Kilichapwa, kikashonwa uzi mweusi. Kinaitwa Jogoo wa Dago.

Tulialikwa nyumbani kwao Ijumaa moja baada ya Isha. Kijana aliketi jamvini kati ya baba na bibi, akafungua kitabu ukurasa wa kwanza na kuanza kwa kasi, kichwa juu. Baba akamzuia. Alikipokea kitabu, akakifungua katikati, akaweka kidole chake kinene chini ya mstari. Kijana alimtazama, akainamisha kichwa, akasogeza taa. Neno la kwanza lilikuwa "wakatawadha". Alilianza mara mbili, bibi akafumbua mdomo ili amsaidie, baba akamwashiria asiseme kitu, nasi sote tukangoja.