MBWA WETU NA BEI YA DAWA



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za mishahara, uhamisho na nyumba. Leo twaomba ruhusa tuseme juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni matibabu ya mbwa na paka tunaowafuga hapa Sumbawanga. Wako watakaocheka, wakisema kwamba mtu anayehangaika na karo za watoto hana haki ya kulilia dawa ya mbwa. Na wasome kwanza mpaka mwisho, ndipo wacheke.

Ufipa ni nchi ya jembe la kukokotwa na maksai. Kwa hiyo dawa nyingi zinazoletwa madukani ni dawa za ng'ombe, wala hatulaumu, maana ng'ombe ndiye alimaye shamba. Ila matokeo yake ni haya: mwenye mbwa aliyepatwa na homa ya kupe huambiwa anunue chupa nzima ya mililita 100, na mbwa wake ahitaji mililita mbili au tatu kwa sindano moja. Zinazobaki hukaa dirishani mpaka zinaharibika. Mtu huyo amelipia ng'ombe asiyekuwa naye. Tena dawa hizo nyingi zimesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, kwa njia ya Mbeya na Tunduma, na kila aliyezishika njiani ameongeza chake.

Hayo ni ya bei. Ama kuhusu utabibu wenyewe, mwenzetu mmoja alimpeleka mbwa wake kwa muuza dawa mara tatu. Mara zote tatu mbwa hakuguswa wala hakupimwa joto. Kila mara ilitoka dawa mpya na bei mpya, na katika juma la pili mbwa akafa. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 yataka atibuye wanyama awe anatambuliwa na Baraza la Veterinari. Lakini waganga wa wanyama ni wachache na kata ni pana. Basi watu hukimbilia duka lililo karibu, na muuzaji hugeuka mganga kwa sababu hapana mwingine.

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Mbwa akifa kwa homa ya kupe, hasara ni ya mwenye mbwa. Akipatwa na kichaa, hasara ni ya mtaa mzima. Dalili za kichaa cha mbwa zikishamtokea mtu, karibu hapana anayepona. Wataalamu wakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Nao husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Chanjo za mtu mmoja aliyeumwa, alipe mwenyewe ama alipiwe na Serikali, hugharimu kuliko kuwachanja mbwa kumi. Ni hesabu gani basi inayongoja mtoto aumwe ndipo fedha itoke?

Mwezi Juni 2025 Serikali ilizindua kampeni ya chanjo ya mifugo huko Bariadi, kwa ruzuku: wenye ng'ombe, mbuzi na kondoo kuchangia sehemu ya gharama, na kuku kuchanjwa bila malipo. Twaishukuru kwa moyo. Lakini mbwa hauzwi mnadani wala haingii chunguni, na kwa hiyo husahauliwa upesi, ingawa ndiye alindaye hao ng'ombe na kuku usiku kucha. Sisi twaona kwamba chanjo ya kichaa yafaa kupewa ruzuku kama hiyo, maana kwa hakika ni chanjo ya watu.

Hata hivyo, si vema kulalamika tu tukiwa tumekunja mikono. Chanjo ya mbwa mara nyingi huja katika kichupa cha sindano kumi. Kikishafunguliwa hakilali mpaka kesho. Ndiyo maana bwana mifugo husita kukifungua kwa ajili ya mbwa mmoja, na mwenye mbwa hurudi nyumbani amekasirika. Basi wanachama wa Mazwi, Katandala na Chanji na wajiandikishe kumi kumi, wachange fedha, wamwite bwana mifugo siku moja. Vivyo hivyo chupa ya dawa ya kupe yaweza kununuliwa na nyumba kadhaa, naye aliyesomea kazi hiyo akapima na kudunga. Siku ifaayo ni tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Tena Katibu wetu aiandikie Halmashauri barua juu ya ruzuku tuliyoitaja.

Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika huko Tanga mwaka 1922, walijua kwamba karani akiwa peke yake hasikiki. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wala hakitang'oa kupe. Majina yapelekwe kwa Katibu kabla ya mwisho wa mwezi, na kila mwenye kujiandikisha aseme ana mbwa wangapi.