TUFUNGUE MTARO KABLA YA KUOMBA MBOLEA



Tangu Jumapili napokea picha za mahindi ya njano, na wengi mnauliza Chama kitawasemea lini Halmashauri mpate mbolea. Barua nitaiandika, ni wajibu wangu. Lakini kabla ya barua tuambiane ukweli.

Mahindi yale hayana njaa ya mbolea tu. Udongo uliojaa maji hauna hewa, na mizizi ikikosa hewa haiwezi kula hata ukiiwekea mfuko mzima. Urea ukiimwaga humo, nyingine inazolewa na maji na nyingine inapotea hewani. Mpunga unavumilia kwa kuwa ndani yake una vijia vya kupeleka hewa mpaka mizizini. Mahindi hayakuumbwa hivyo; yakiwa machanga, siku chache ndani ya maji zinatosha kuyamaliza.

Sasa maji haya yametoka wapi? Sisi wa Ifakara tumezoea kulaumu Lumemo na Mto Kilombero, na kweli mito hiyo ikifurika hakuna wa kubishana nayo. Safari hii mto haujatoka kwenye kingo zake. Ni mvua iliyonyesha juu ya mashamba yetu ikakosa pa kutokea. Fuateni mtaro wa zamani kuanzia kalavati la barabarani hadi kwenye majaruba: umefukiwa na kulimwa sehemu tatu. Mmoja wa waliofukia ni mjumbe wa Kamati ya Tawi. Mwingine ni mimi. Msimu uliopita niliongeza mistari minne ya mahindi juu ya mtaro nikaona nimepata faida. Mistari hiyo leo imezamisha eka mbili za jirani yangu mjane, na eka moja yangu mwenyewe. Nimemwomba radhi. Mtu aliyesomea uhasibu alipaswa kuiona hasara hiyo mapema.

Wapo wanaosema tuchote kwa ndoo. Eka moja ni kama mita za mraba 4,000. Maji ya kina cha sentimita 10 juu yake ni lita 400,000, yaani ndoo 20,000 za lita 20. Mtaro unaifanya kazi hiyo usiku umelala, bila petroli.

Kamati ilikaa jana, na sisi wawili tumekubali kufungua sehemu zetu. Wa tatu anasema eneo ni lake na ana karatasi ya mauziano. Hatutamfukulia kwa nguvu, Chama si mahakama. Ijumaa mtendaji wa kijiji na bwana shamba watakwenda kuzungumza naye.

Jumamosi saa 12 asubuhi tunaanzia CHINI, kwenye majaruba, tukipanda juu. Wenye mashamba ya juu mmelalamika, lakini tukianzia kwenu tutamzamisha wa chini, na mpunga mchanga nao ukifunikwa mpaka ncha unakufa. Tutaweka magunia ya mchanga pale kwenye kalavati tuyaachie maji kidogo kidogo. Mtaro hautavutwa hadi mtoni: sheria ya mazingira inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Maji yakishatoka, msikimbilie kuingiza pawatila. Finyanga udongo mkononi. Ukibaki donge linalonata, subiri, maana trekta kwenye tope linaugandamiza na mwakani maji yatatuama tena palepale. Mbolea ya kukuzia iwekwe majani mapya yakianza kutoka ya kijani. Na zile sehemu za bondeni kabisa, ambazo kila mwaka tunapanda mahindi kwa ubishi, msimu ujao tupande mpunga, SARO 5 au Supa, au magimbi.

Hakuna mchango wa fedha. Njooni na majembe, machepe na fyekeo. Jirani asiye mwanachama mwiteni pia, maji hayaulizi kadi. Chai na mihogo ni juu yangu.

Katibu wa Tawi