Basoko: namna gani sumu ya fira inafunga pumzi, na juu ya nini kila saa inahesabika

Katika teritware ya Basoko, pale mto Aruwimi unapoingia katika mto Kongo, watu wanaishi kwa shamba, pori na uvuvi. Humo humo anaishi fira wa msituni, na majini kuna fira mwingine anayekula samaki. Mtu akiumwa, mara nyingi jamaa wanafunga mguu kwa kamba, wanachanja, wanaweka jiwe nyeusi. Wanapigana na sumu iliyo katika damu. Lakini fira anaua hasa pengine: pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli.

Mshipa haugusi msuli. Kati yao kuna nafasi ndogo sana. Ukitaka kuinua mkono ao kuvuta pumzi, mshipa unatoa asetilikolini, inavuka ile nafasi na kupokelewa na vipokezi upande wa msuli. Vipokezi hivyo havikujipanga vyenyewe. Mtoto akiwa bado tumboni, mshipa unatoa protini inayoitwa agrini, na hiyo ndiyo inaambia msuli uvikusanye mbele ya mshipa. Kundi la U. J. McMahan, kwenye chuo kikuu cha Stanford huko Marekani, liliitambulisha mwaka 1987. Mwaka 1996, watafiti walionyesha kwamba panya wasio na agrini hawaishi baada ya kuzaliwa.

Kwa kawaida kila uzi wa msuli una mlango mmoja tu wa namna hii. Sumu ya fira inaziba mlango huo: protini zake zinakaa juu ya vipokezi, na ujumbe wa mshipa haupiti tena. Kope zinaanguka, ulimi unakuwa mzito, kumeza kunakuwa ngumu, halafu pumzi inakatika. Mgonjwa anaweza kusikia kila kitu bila kuweza kujibu.

Kwa hiyo jiwe nyeusi halisaidii, na kamba inaweza kuharibu mguu. Lakini kuna habari njema pia: mara nyingi sumu hii inaziba mlango bila kuuvunja. Mgonjwa akisaidiwa kupumua, hata kwa mpira wa hewa unaobanwa kwa mkono, misuli inaweza kurudi. Serumu nayo inakamata sumu ambayo bado inatembea mwilini. Ikichelewa, sumu nyingi imekwisha kukaa kwenye vipokezi.

Hapo ndipo shida iko. Kampuni Sanofi Pasteur ya Ufaransa iliacha kutengeneza serumu yake Fav-Afrique mwaka 2014, na dozi za mwisho zilipitwa na muda Juni 2016. Mwaka 2017, OMS iliweka sumu ya nyoka kati ya magonjwa yaliyosahauliwa. Inahesabu vifo kati ya 81 000 na 138 000 kila mwaka duniani, na inataka vipungue kwa nusu mpaka 2030.

Kutoka Basoko mpaka Kisangani, safari ya mto ni ndefu kuliko pumzi ya mtu aliyeumwa na fira. Serumu na mpira wa hewa vinapaswa kukaa karibu na wavuvi na wakulima, si Kisangani peke yake. Wakati huo, jamaa wamlaze mgonjwa kwa ubavu, wafunge kijiti kwenye mguu usitikisike, watoe pete na bangili, wamkimbize kwenye kituo cha afya bila kumtembeza.