Begi ambalo bado halijashonwa

Ndugu zangu wafanyabiashara wa Kariakoo,

Msimu wa kufunga oda za mabegi ya shule umefika, nami naandika kutoka Guangzhou kabla hamjatuma hela, maana kila Januari napokea picha zilezile: zipu imeng'oka, mkanda umekatika, mzazi karudisha begi dukani. Wengi mnasema Mchina katapeli. Matapeli wapo, sikatai. Lakini kwa kazi yangu ya ukalimani nimeona hasara nyingi zikianzia kwenye namna tunavyopatana.

Kariakoo mnunuzi anabishania kitu alichokishika. Kavuta zipu, kakagua mshono, na hata akishusha bei mpaka muuzaji alalamike, begi linabaki lilelile. Lakini Shiling, kule wilaya ya Huadu ya hapa Guangzhou kwenye viwanda vya mabegi, mnabishania kitu ambacho bado hakijashonwa. Kila yuan mnayoipunguza itatoka mahali fulani kwenye begi lenyewe, na bosi wa kiwanda hatasema imetoka wapi msipomuuliza.

Majuzi nilikaa na mteja kutoka nyumbani. Chai kwenye vikombe vidogo, kalkuleta inazunguka mezani. Bosi kaandika yuan 21, mteja kaandika 15. Bosi akacheka, akaongeza chai, akaandika 19. Walipofika 16 bosi alinyamaza, akamtazama binti wa mauzo, kisha akaitikia kwa kichwa. Mteja alifurahi. Nikamwomba bosi atuletee begi la bei hiyo. Likaja: kitambaa chepesi cha 300D badala ya 600D, zipu nyembamba, mkanda umepigwa mshono mmoja. Hakuona haya kulionyesha, kwa sababu kwake yeye aliyetaja 16 ndiye aliyelichagua. Kumkatalia mgeni mbele ya wafanyakazi ndiko kungekuwa aibu, na hilo hata kwetu tunalielewa: mwenye nyumba hamwambii mgeni chakula hakitoshi, hupunguza sahani yake kimyakimya.

Kwa hiyo zungumzeni begi kwanza. Kitambaa, saizi ya zipu, bitana, idadi ya mishono kwenye mkanda, vyote viandikwe, ndipo bei ifuate. Msimuulize bosi kama anaweza, atajibu anaweza. Mwulizeni atatumia kitambaa gani, na mnyamaze mpaka ajibu. Sampuli ziwe mbili zilizosainiwa, moja ibaki kiwandani, nyingine mwondoke nayo. Mkataba ugongwe muhuri mwekundu wa kampuni. Msiridhike na sahihi ya binti wa mauzo peke yake.

Malipo ya kawaida ni 30% ya kuanzia na 70% mzigo ukiwa tayari. Hiyo 70% ndiyo nguvu yenu yote. Naumia ninapoona mtu anaituma kwa sababu tu ameletewa picha nzuri kwenye WeChat. Tumeni mtu achague maboksi mwenyewe, ayafungue, alinganishe na sampuli. Zikionekana kasoro, mwiteni bosi pembeni mumweleze taratibu. Mkimfokea mbele ya mafundi wake, atatetea heshima yake kwanza na mzigo wenu utasubiri.

Wanaopanga kuja Maonyesho ya Canton, yanayofanyika mara mbili kila mwaka tangu 1957, waniandikie mapema nipange siku ya kwenda viwandani. Ukumbini kila kibanda kimeweka begi zuri kuliko yote waliyonayo, na hilo silo litakalopakiwa kwenye kontena.

Ndugu yenu,
Guangzhou