Tekken 8: Kina cha mchezo hakipimwi kwa wingi wa wapiganaji

UCHAMBUZI

MCHEZO wa kupigana wa Tekken 8, ulioingia sokoni Januari 26, 2024, unawaweka wamiliki wa mabanda ya gemu katika miji midogo, ukiwamo Lushoto ulioko kwenye Milima ya Usambara, mbele ya swali la fedha: je, una kina cha kuwafanya vijana washindane kwa miaka, au utawachosha baada ya miezi michache?

Swali hilo si dogo. Mchezo huo haukutengenezwa kwa ajili ya PlayStation 4. Unahitaji PlayStation 5, Xbox Series au kompyuta yenye nguvu. Mwenye banda hanunui gemu pekee, ananunua na mashine.

Ulipotolewa ulikuwa na wapiganaji 32. Idadi hiyo inavutia, lakini haithibitishi kina. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64 tu, wala halina mapambo, lakini fundi wa bao hashindwi ovyo na mwanafunzi. Hicho ndicho kipimo cha kwanza: aliyebobea ashinde kwa ujuzi, si kwa bahati.

Kwa kipimo hicho Tekken 8 umefaulu. Arslan Siddique wa Pakistan, maarufu kwa jina la Arslan Ash, aliyetwaa ubingwa wa Evo nchini Marekani kwa Tekken 7 mwaka 2019 na 2023, aliutwaa tena kwa Tekken 8 mwaka 2024 na 2025.

Kipimo cha pili ni kila shambulio kuwa na jibu. Hapo ndipo penye mgogoro. Mfumo wa Heat, unaompa mchezaji nguvu za ziada kwa muda mfupi katika raundi, humpendelea anayeshambulia. Hata anayejikinga hupungukiwa uhai. Marekebisho ya Aprili 2025 yaliongeza makali hayo. Wachezaji walilalamika kwamba kubahatisha kumezidi kusoma mbinu za mpinzani, na kampuni ya Bandai Namco ikalazimika kupunguza baadhi ya mabadiliko.

Kipimo cha tatu, kilicho kizito zaidi kwa Lushoto, ni mpinzani. Mchezo huenda kwa picha 60 kwa sekunde, na ngumi za haraka hutumia picha 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Intaneti ikisuasua, anayecheza na mtu wa mbali hajui kama ameshindwa na mbinu au na mtandao.

Hata hivyo, umbali si kifungo. Arslan alikomaa Lahore, akicheza ana kwa ana na wenzake kabla dunia haijamfahamu. Mkenya Sylvia Gathoni, Queen Arrow, naye alisajiliwa na timu ya kigeni mwaka 2018 kutokana na umahiri wake katika Tekken 7.

Kwa ushahidi huo, Tekken 8 una kina, ingawa kilitikiswa mwaka 2025. Mwenye banda asihesabu wapiganaji. Atazame kama kijana aliyeshindwa leo anaweza kueleza sababu, na kesho akarudi na jibu.