Kabla ya Kununua Dawa ya Kutoa Risasi Mwilini

Neno "risasi" lina maana mbili: ile ya bunduki, na madini mazito ya kijivu yaliyoipa jina. Leo twaizungumzia ya pili. Ikiwa unaishi Nyamityobora au Nakivale, na ndugu yako anaumwa tumbo, anachoka na kusahau, huenda ukashauriwa umnunulie dawa ya "kusafisha damu". Nakusihi usifungue mkoba kwanza.

Dawa za kweli zipo. Huitwa za kilesheni: huyashika madini katika damu, yakatoka kwa mkojo. DMSA humezwa, EDTA ya kalsiamu hutiwa kwa sindano. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaipendekeza tiba hii kwa mtoto mwenye risasi mikrogramu 45 au zaidi katika desilita moja ya damu. Basi kipimo cha damu hutangulia. Atakayekupa dawa kwanza ndipo apime mkojo, mkimbie, kwani dawa hiyo hupandisha madini katika mkojo hata wa mtu mzima wa afya. Tena iko EDTA nyingine, isiyo na kalsiamu. Mwaka 2005 huko Marekani mtoto wa miaka mitano alitiwa hiyo, kalsiamu ya damu yake ikaporomoka, akafa. Majina yanafanana mno, soma kichupa.

Hata tiba sahihi ni kazi bure iwapo mgonjwa anarudi penye sumu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu karibu na makazi. Phyllis Omido, ambaye mwanawe alikutwa na risasi mwilini, hakutosheka na matibabu. Aliuliza sumu yatoka wapi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, hukumu ikatenguliwa mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Huo ndio uraia ninaoupenda.

Nawe chunguza nyumbani: betri zinazopasuliwa uani, rangi inayobanduka, udongo wanaoula wajawazito. Andika ulichokiona. Ukiwa kambini, mwombe muuguzi barua ya rufaa. Kisha nenda na mgonjwa hospitali ya rufaa ya Mbarara, ukaombe kipimo cha risasi katika damu kwa jina lake. Kama hawanacho, uliza sampuli itapelekwa wapi, na majibu yatarudi lini.